Wasiwasi una majina mengi

Hapa kwetu Goma mtu akikuuliza asubuhi, "Mlilala?", usidhani ni salamu ya bure. Anataka kujua kweli. Tulizoea kuulizana hivyo mwaka wa 2021, katika majuma yale ambapo ardhi ilitikisika mchana na usiku, na jamaa nyingi zililala nje penye baridi kwa kuogopa kuta za nyumba zao. Siku zile zimepita, lakini ulizo lile limebaki. Nasi tukisikiliza majibu ya majirani, tunaona kwamba hayafanani. Mmoja anasema: "Nililala, lakini moyo wangu ulikesha." Wa pili anasema: "Kila siku naamka saa tisa ya usiku, naanza kuhesabu madeni." Wa tatu, mama mwenye nguvu zake, anasema hawezi tena kushuka pwani ya ziwa. Wa nne hajibu neno, anaangalia chini tu.

Wasomaji wapenzi, watu hawa wanne tukiwapa shauri moja tutamsaidia mmoja, pengine, na watatu tutawaumiza. Ndiyo maana tumetaka kusema nanyi polepole juu ya jambo hili.

Wazee wetu walijua kutenga maneno. Woga ni wa yule anayeona kitu mbele yake: nyoka, moto, askari mlevi. Mashaka ni ya yule asiyejua aende kushoto ao kuume. Wasiwasi ni kitu kingine: ni woga usio na uso. Unakaa ndani ya mtu kama moshi ndani ya nyumba isiyo na dirisha; machozi yanatoka, lakini moto wenyewe huuoni. Siku hizi vijana wa mji wanafunga vyote katika neno moja, stresi, kama mtu anayetia chumvi, sukari na sabuni katika mfuko mmoja, kisha anashangaa chai yake ina povu.

Tuanze na woga wenyewe, maana unasingiziwa mno. Tazameni mazuku. Kati ya Goma na Sake, na penye mabonde madogo karibu na ziwa, kuna gasi inayotoka katika ardhi, dioksidi ya kaboni. Haina rangi, wala harufu ya kukuonya. Ni nzito kupita hewa, basi inajikusanya chini, katika mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mtoto anamfuata mbuzi, naye anaanguka. Watu wa kwetu waliita jambo hili mazuku, maana yake upepo mbaya, na wataalamu wa milima ya moto wa nchi nyingi wamelichukua neno hili wakaliandika katika vitabu vyao. Ni heshima ambayo hatukuiomba. Basi mama anayemkataza mtoto wake kuokota kuni bondeni kabla jua halijapanda, je, ana ugonjwa wa wasiwasi? Hapana, ana akili. Woga wake una jina, una mahali, una saa yake. Anajua wapi asipite, na akiisha kufika mahali pa juu penye upepo moyo wake unatulia, anaimba. Hii ndiyo alama ya woga mwema: unakuja pamoja na hatari, unaondoka pamoja na hatari. Mtu asiye na woga huo katika nchi yetu hafiki uzeeni.

Nini kinapita katika mwili wakati huo? Mwaka wa 1915 Walter Cannon, mwalimu wa chuo kikuu cha Harvard huko Marekani, alitoa kitabu juu ya mabadiliko ya mwili wakati wa maumivu, njaa, hofu na hasira. Juu ya mafigo yetu zimekaa tezi mbili ndogo. Mtu akiona hatari, tezi hizo zinatupa katika damu dawa ya mwili inayoitwa adrenalini. Mara moyo unapiga mbio, pumzi zinafuatana, damu inakwenda kwa wingi katika miguu na mikono, tumbo linaacha kazi yake, mdomo unakauka. Mwili unajitayarisha kupigana ao kukimbia. Ni kazi nzuri sana, mradi kuna kitu cha kupigana nacho ao cha kukimbia. Lakini mtu aliyeketi kitandani saa tisa ya usiku, akiwaza deni la duka, atampiga nani? Atakimbilia wapi? Mwili wake umewasha injini ya lori ndani ya chumba, na hakuna barabara.

Wengine injini hii inawaka kwa sababu ya mambo yaliyopita. Sisi tuliokuwa Goma tarehe 17 Januari 2002 tuliona mto wa moto wa Nyiragongo ukipita katikati ya mji, ukifunika nyumba na maduka, na kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, hata sehemu ya uwanja wa ndege. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wakaingia Gisenyi katika Rwanda. Na baada ya siku chache wengi walirudi wakikanyaga mawe yaliyokuwa moto bado, maana ni afadhali kulala juu ya jiwe la moto la kwenu kuliko kuombaomba ugenini. Miaka 19 baadaye, tarehe 22 Mei 2021, siku ya posho, magaribi, mbingu ikawa nyekundu tena. Safari ile moto ulisimama kule Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Ardhi haikusimama. Tarehe 27 Mei wakubwa wa serikali waliagiza watu wa mitaa 10 waondoke mjini, nasi tukashika njia ya Sake kwa miguu, magodoro kichwani, wakongwe wakiketi juu ya chukudu kama magunia ya makala.

Tangu siku zile, lori zito likipita usiku na vikombe vikalia juu ya meza, tunajikuta tumesimama mlangoni, viatu mkononi, kabla hatujajua kwamba tumeamka. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watu wanacheka mithali hii, lakini ni maelezo ya kiganga kabisa: mwili umeandika alama ya hatari, na hauulizi akili kabla ya kuruka. Haifai kumwambia mtu huyo "Acha ujinga." Hakuchagua kuruka. Katika nyumba yetu tumepata njia moja isiyo na gharama. Wa kwanza kutambua sauti anaita kwa nguvu, "Lori!" Watoto wanajibu kutoka chumba chao, "Lori!" Basi kila mtu anarudi kitandani, mara nyingine kwa kicheko. Kitu kilichopata jina kimepoteza nusu ya nguvu zake. Na likiwa tetemeko kweli, yule wa kwanza anaita, "Nje!" na hapo hakuna anayecheka.

Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia katika mitaa yetu. Kundi la M23 liliushika mji, watu wengi walikufa, mabenki yakafunga milango, na mtu mwenye pesa benki alikuwa sawa na asiye nazo. Hatutaki kusimulia mengi hapa. Tunataka kusema jambo moja tu: walioona watu wakiuawa, ao waliotendewa ubaya katika miili yao, wana jeraha ambalo njia ya "Lori!" haitoshi. Wanaota ndoto ileile, wanaepuka njia fulani, hawacheki wala hawalii, ao wanakasirika kwa neno dogo. Wakati peke yake hauponyi jeraha hilo kila mara, kama vile wakati peke yake hauungi mfupa uliovunjika vibaya. Tutarudi kwao.

Sasa yule mwenye kuhesabu madeni. Huyu ndiye jirani yetu wa kila siku, na katika miezi fulani sisi sote tu yeye. Shule ya msingi ya serikali imeondolewa malipo tangu 2019, lakini mtoto akipanda sekondari minervali inamngoja mlangoni, na sare, na madaftari, na pesa za mtihani. Bei ya unga inapanda. Mwenye nyumba anabisha hodi. Mambo haya si ya kuwazika tu, ni ya kweli, na mtu anayewaambia wenzake "Msihangaike" huku mfuko wake umejaa, afadhali anyamaze. Tena kuna wanaotwaa maneno ya Yezu katika Mathayo, sura ya sita, juu ya ndege wa angani na maua ya shamba, wanawatupia maskini kama mawe: unahangaika, basi huna imani. Sisi hatukubali. Yeye aliyesema maneno yale alisali Getsemani kwa huzuni kubwa, na Luka anaandika kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Nani atathubutu kusema hakuwa na imani?

Lakini tumeona tofauti kati ya kufikiri na kuzungushwa. Anayefikiri anaondoka mahali fulani anafika pengine: nitauza kuku wawili, nitamwomba mwalimu mkuu anivumilie hata tarehe 15. Anayezungushwa anapita njia ileile mara arobaini, na saa kumi na moja jogoo anawika hajafika popote. Usiku ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa gizani deni la franka elfu ishirini linakua kubwa kama mlima, na hakuna mtu wa kumwuliza kitu. Baba mmoja wa shirika letu alifundishwa na mwuguzi njia hii, naye ametufundisha sisi. Kila magaribi, kabla ya chakula, anakaa robo saa na daftari la mtoto. Anaandika mashaka yake yote. Mbele ya kila moja anaandika ama "kesho nitafanya hivi", ama "haliko mikononi mwangu". Robo saa ikiisha anafunga daftari, anakula bukari yake na sombe pamoja na jamaa. Wasiwasi ukimwamsha usiku anauambia, "Wewe umeandikwa, ngoja magaribi." Mkewe alimcheka mwanzoni, akasema mume wake amekuwa karani wa mashetani. Baada ya mwezi mmoja mkewe naye aliomba ukurasa. Tena wametambua kwamba mashaka mengi yaliyoandikwa siku ya kwanza hayakutokea kamwe, na yale yaliyotokea hayakuwa yale waliyoyaogopa. Kwa madeni yenyewe, likelemba ya wanawake kumi wanaoaminiana imefanya kazi kubwa kuliko mashauri yetu yote.

Tuje kwa yule mama wa tatu, asiyeweza kushuka pwani. Habari yake tunaieleza kwa ruhusa yake, bila jina.

Mwaka wa 2024 barabara ya Sake ilikatwa na vita, na chakula cha Minova kikawa kinafika Goma kwa njia ya ziwa. Mama huyu alikuwa akinunua maharagwe, ndizi na mihogo huko Minova, anapanda boti, anauza hapa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti moja iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku. Waliokuwa wakiwangoja jamaa zao pwani waliona kwa macho yao wenyewe. Mama yetu hakuwa ndani ya boti ile. Alikuwa pwani.

Juma lililofuata alifunga kitambaa chake akaenda Kituku kama desturi. Alipoona maji, moyo ukaanza kupiga kama ngoma, vidole vikafa ganzi, kichwa kikawa chepesi, miguu ikakataa, akajua kwamba anakufa. Watu walimzunguka. Mmoja akasema ni pepo wa ziwa. Mwingine akasema amerogwa na wafanyabiashara wenzake. Walimmwagia maji, wakamrudisha nyumbani, na kufika nyumbani moyo ulikuwa umetulia. Siku ya tatu alijaribu tena, hakufika hata nusu ya njia. Basi akaacha. Akawa ananunua mali kwa wengine kwa bei ya juu, faida ikapotea, kisha mtaji ukaanza kuliwa. Binti yake alirudishwa nyumbani kutoka darasa la tano la sekondari kwa kukosa minervali. Kuna mtu aliyejiita mtumishi wa Mungu aliyemwambia alete mbuzi na dolari 50 ili afukuze pepo. Mbuzi alikwenda. Pepo hakwenda.

Wifi yake, mwanamke asiyependa maneno mengi, akamshika mkono wakaenda hospitali. Mganga alimpima moyo, damu, na shingo, kwa sababu upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo pia vinaweza kumfanya mtu atetemeke na moyo upige mbio. Hakuona kitu. Ndipo akamweleza, nasi tunawaeleza ninyi, maana maelezo peke yake yalikuwa nusu ya dawa.

Lile lililompata ni hofu ya ghafula. Tezi zile mbili zilifungua bomba lote kwa mara moja. Mtu anapumua haraka haraka, na kwa kupumua hivyo anatoa dioksidi ya kaboni nyingi mno katika damu yake. Ndiyo, ni gasi ileile ya mazuku! Nyingi mno inaua, lakini mwili unahitaji kiasi chake. Ikipungua mno, mishipa ya kichwa inajikaza, vidole vinawasha na kufa ganzi, macho yanaona giza. Mtu anasema, "Nakosa hewa," anapumua mbio zaidi, na hali inakuwa mbaya zaidi. Kumbe hakosi hewa. Dawa yake ni kutoa pumzi polepole: kuvuta kwa hesabu ya tatu, kutoa kwa hesabu ya sita, midomo ikiwa imebanwa kama mtu anayepuliza uji wa moto. Na kujua kwamba bomba hili halina maji ya milele: kwa kawaida hofu ya ghafula inapanda mpaka kilele chake kwa dakika kumi hivi, kisha inashuka yenyewe. (Lakini maumivu ya kifua yanayokuja mara ya kwanza, msiyapulizie uji, nendeni kwa mganga.)

Jambo la pili alilomwambia lilikuwa gumu zaidi. Kila mara alipogeuka njiani na kurudi nyumbani, moyo ulitulia, na mwili ukajifunza: kukimbia ndiko kumeniponya. Basi woga ulilipwa mshahara, na mfanyakazi akilipwa vizuri anarudi kesho. Kuepuka kunaulisha woga mpaka unanenepa. Leo unaogopa boti, kesho pwani, keshokutwa barabara inayokwenda pwani.

Walifanya hivi, yeye na wifi yake. Juma la kwanza walikwenda tu mpaka mahali panapoonekana maji kutoka mbali, wakasimama. Moyo ulipanda. Hawakuondoka. Walisimama mpaka uliposhuka, karibu nusu saa, wifi akichambua mboga kana kwamba hakuna jambo. Kila siku hivyo, mpaka mahali pale pakawa mahali tu. Kisha walishuka sokoni. Kisha walifika penye maji, akatia miguu. Majuma yakapita. Alikaa ndani ya boti iliyofungwa kamba, akinunua sambaza kwa wavuvi. Siku moja alilia sana, wakarudia hatua ya nyuma, bila aibu. Mwezi wa nne alipanda boti kwenda Minova, wifi upande mmoja, binti upande wa pili.

Na hapa tunapenda kukaza neno. Mama huyu hakuacha kuogopa ziwa, wala haikufaa aache. Anapofika penye boti anahesabu jile. Anatazama magunia yamepakiwa namna gani, na watu ni wangapi. Siku moja aliona boti imejaa mno, akamwambia nahodha ashushe watu. Nahodha akamjibu kwa matusi, naye akashuka yeye mwenyewe na kupoteza nauli yake. Wengine walimcheka: "Ugonjwa umemrudia." Sivyo. Woga wake ulikuwa umerudi kazini. Wagonjwa, kama mnataka kujua maoni yetu, ni wale wanaojaza boti kupita kiasi na kulala usingizi mzuri.

Kuna wasiwasi mwingine ambao Wakatoliki tunaujua vema, na pengine tunauita uchaji. Mtu anaungama, anatoka kanisani, anarudi tena: labda sikusema vizuri. Anasali kituo kimoja cha rozari mara tano kwa kuwa alipotea hesabu. Anaogopa kukomunika kwa sababu wazo baya lilipita kichwani. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alipatwa na jambo hili huko Manresa, katika Hispania, mwaka wa 1522. Aliungama akaungama, hakupata raha. Alishawishiwa hata kujiua. Alifunga juma zima bila kula, mpaka padri wake alipomwagiza ale. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori naye aliteswa hivyo, ndiyo maana alijua kuwafundisha mapadri jinsi ya kuwaongoza watu wa namna hii: mtu huyu asijihukumu mwenyewe, ashike neno la padri mmoja tu, na akiisha kuambiwa "Yatosha", imetosha. Waganga wa leo wanajua maradhi haya ya kurudiarudia. Wengine wananawa mikono mpaka ngozi inatoka, wengine wanaamka mara kumi kutazama kufuli. Dawa yake inafanana na ile ya Kituku: kukaa na mashaka bila kurudia, mpaka yashuke yenyewe. Aliyehakikisha kufuli mara moja akalale.

Watoto pia. Mtoto mwenye kuumwa tumbo kila asubuhi ya shule, na siku ya Mungu haumwi, msimpige wala msimwite mwongo. Tumbo lake linauma kweli. Mwulizeni nani anamwogopesha njiani ao darasani, kisha mpelekeni shuleni, mkono kwa mkono.

Yule wa nne, mwenye kuangalia chini, hatukumwacha. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 301 walikuwa na maradhi ya wasiwasi, na kwamba wengi wao hawapati matunzo yoyote. Mwaka uleule lilisema kwamba katika nchi za vita mtu mmoja kwa watano hivi ana maradhi fulani ya akili ao ya moyo. Basi katika benchi moja kanisani, fanyeni hesabu ninyi wenyewe. Wasiwasi ukidumu majuma na majuma. Mtu akishindwa kulala, kula ao kufanya kazi. Akianza kunywa kasiksi ili apate usingizi (usingizi unakuja upesi, na saa nane ya usiku unaondoka na wasiwasi unarudi na ndugu zake). Hasa akisema heri angekufa, hapo mashauri ya majirani hayatoshi. Msimwache peke yake usiku ule, tena mpelekeni. Goma kuna nyumba ya Tulizo Letu, na Bukavu kuna SOSAME, zote mbili kazi ya mafurere wa Charité, shirika lililoanzishwa na Padri Petrus Jozef Triest mjini Gent, Ubelgiji, mwaka wa 1807. Watu wanasema ni nyumba za wendawazimu, wanapita upande wa pili wa barabara. Sisi tulimsindikiza jirani yetu mpaka ndani. Tuliona watu wameketi wakingoja zamu yao: mwalimu, askari, msichana na mama yake, mzee mwenye rozari. Hakuna aliyepiga kelele isipokuwa mtoto mchanga mwenye njaa.

Huko wanasema na mgonjwa, mara nyingi na kwa muda mrefu, na wengine wanapewa dawa. Juu ya dawa tuonyane: vidonge vya diazepamu vinavyouzwa sokoni kama pipi vinatuliza upesi, lakini mwili unavizoea, na kuviacha ghafula kuna hatari. Si vya kununua kwa mama wa sabuni. Dawa nyingine zinazofaa kwa safari ndefu zinachukua majuma kabla hazijafanya kazi, na wengi wanaziacha siku ya kumi wakisema hazina nguvu.

Jirani yetu alianza kujibu salamu mwezi wa tatu. Neno lake la kwanza lilikuwa juu ya bei ya mabati.

Mwaka huu kitoto chetu cha miaka saba kilituuliza kama mlima utatoka moto tena. Mama mkubwa wake alitaka kumjibu, "Hapana, lala." Sisi tulimwambia kweli: ndiyo, siku moja utatoka, hatujui siku, kuna watu ambao kazi yao ni kuutazama mlima, na kuna bendera za rangi za kutuonya, nasi tunajua njia ya kupita, na mfuko uko nyuma ya mlango. Akataka kuuona. Tukaufungua mbele yake: karatasi za kuzaliwa na za ubatizo ndani ya plastiki, tochi, chupa ya maji, chumvi, blanketi moja, viatu vya kila mtoto, pesa kidogo. Alivipima viatu vyake, vilikuwa vidogo tayari. Tukaandika katika daftari: viatu, namba 30. Kisha akauliza kama mpira wake unaweza kuingia, nasi tukautoa upepo, ukaingia.